Jua la Mwaka Jana

Mwezi wa tisa barabara ya kutoka Itigi kwenda Rungwa ni vumbi tupu. Nyasi za pembeni zimeungua, na zilizosalia zimekauka hata ng'ombe hawazitaki. Mvua bado, pengine miezi miwili ijayo. Lakini ukifika Mitundu na kuinua macho, miti inachipua. Mtundu unatoa majani machanga yenye wekundu wa shaba, yatakayogeuka kijani kadiri siku zinavyokwenda, na katikati ya majani hayo kuna vishada vya maua madogo yasiyo na rangi ya kujivunia, ambayo mpita njia hayatambui kabisa. Nyuki wameshayatambua.

Mti unapata wapi nguvu ya kutoa majani na maua kwenye udongo mkavu namna hiyo? Nguvu inatoka kwenye akiba. Miti ya miombo huweka wanga katika mizizi na shina wakati wa masika, ikautoa mwisho wa kiangazi kabla tone la mvua halijaanguka. Maana yake ni kwamba asali ya mwezi wa kumi na moja, ile ya msimu mdogo, ni jua la mwaka jana. Lilinaswa na majani yaliyokwisha kupukutika, likalala kiangazi kizima ndani ya mti, kisha likatokea kwenye ua likiwa tone la maji matamu. Asali ya msimu mkubwa, inayorinwa kuanzia mwezi wa sita, hutokana zaidi na muba na miti mingine inayochanua mvua zikielekea kuisha. Hiyo ni jua la juzi tu.

Mrina asali ninayemwandika hapa, mzee wa Kikimbu wa Mitundu, hana habari za wanga. Yeye husema mti "umeamka," na akishasema hivyo ratiba ya nyumba nzima inabadilika: shoka linanolewa, baiskeli inatazamwa matairi, mjukuu anaambiwa asipange safari. Watu hupenda kusimulia ujasiri wake wa kuwaingilia nyuki usiku. Mimi hilo halinishangazi sana, maana ujasiri wengi wanao. Kinachonivutia ni kwamba nguvu ya jua ina safari ndefu ya kutoka kiumbe hadi kiumbe, njiani inapotea kila hatua, na mzee huyu anajua ni wapi katika safari hiyo inatua na kupumzika. Anaisubiri papo hapo.

Kazi huanzia kwenye gogo. Anataka gogo la mti uliokauka ukiwa umesimama, lisiloguswa na mchwa, lenye urefu wa mita moja na ushee. Hulipasua kwa shoka na kabari, akifuata nyuzi za mti zenyewe, halafu kila nusu huichimba kwa tezo. Hapo ndipo pa kukaa chini na kutazama. Tezo haipigwi kwa nguvu. Inaangushwa, uzito wake unafanya kazi, na kila pigo linatoa kibanzi chembamba kinachojikunja na kudondoka miguuni. Rula hana. Hugonga kwa nje na kifundo cha kidole na kusikiliza. Ukuta mnene hulia butu, mwembamba hulia wazi, na yeye anataka mlio uwe mmoja kutoka mwanzo hadi mwisho wa gogo. Akisikia tofauti, anarudi ndani na tezo, mapigo mawili matatu, anagonga tena. Asubuhi nzima inaweza kwenda hivyo bila neno.

Ukuta anaoupenda una unene wa vidole viwili. Nilimuuliza kwa nini asiupunguze.

"Mzee, si mzinga ungekuwa mwepesi kupandisha mtini?"

"Mwanangu, mimi nitaubeba siku moja. Wao wataupasha moto kila usiku."

Jibu hilo lina fizikia yote ndani yake. Nyuki hutunza majana, yaani watoto wao, katika joto la nyuzi 34 hadi 35. Usiku wa mwezi wa saba katika nyanda hizi ni wa baridi kweli, na nyuki hupandisha joto kwa kutetemesha misuli ya mabawa bila kuruka. Mtetemo huo unakula asali. Jua la mchana likizidi, wanafanya kinyume: wanaleta maji, wanayasambaza ndani na kuyapepea ili mzinga upoe, na safari za maji nazo zinakula asali. Kila pengo linalopitisha upepo na kila ukuta uliochongwa kwa pupa hulipiwa kwa asali ambayo mrina hataiona. Unene wa vidole viwili ni asali.

Nusu mbili zikishachimbwa huunganishwa na kukazwa, ncha zinazibwa kwa vifuniko, na tundu za kuingilia zinatobolewa ndogo, nyuki wapite lakini si panya wala nyoka. Ndani hupaka nta iliyoyeyushwa. Harufu ya nta ndiyo tangazo lake. Hanunui nyuki wala hawafukuzii; anaweka nyumba safi yenye harufu ya watu waliowahi kukaa vizuri, anaining'iniza kwenye tawi lenye kivuli lisilo mbali na maji, na makundi yanayohama kufuata maua yanaingia yenyewe. Mwaka mwingine nusu ya mizinga inabaki mitupu. Halalamiki.

Sasa hesabu. Kati ya jua lote linaloangukia msitu kwa mwaka, majani hunasa na kugeuza kuwa chakula asilimia moja au pungufu. Mti wenyewe hutumia karibu nusu ya hicho kwa kupumua na kujitunza. Kinachosalia ndicho mbao, majani, mizizi, mbegu na, kwa kiasi kidogo sana, mbochi, ule utamu wa kwenye maua. Mtu wa kwanza kuifuata njia hii kwa kalori, kiumbe kwa kiumbe, na kuijenga kuwa nadharia alikuwa kijana wa Kimarekani, Raymond Lindeman. Alikaa miaka akihesabu kila kilichoishi katika ziwa dogo la Cedar Bog huko Minnesota, kuanzia mwani mpaka wanaowinda, akavibadilisha vyote kuwa kipimo kimoja. Aliona kwamba mimea ya ziwa lile ilinasa asilimia 0.10 ya jua. Walaji wa mimea walipata asilimia 13.3 ya kilichonaswa na mimea. Na waliowala hao walipata asilimia 22.3. Wahakiki wawili wa jarida la Ecology waliikataa makala yake kwa kuona ina nadharia nyingi kuliko ushahidi. G. Evelyn Hutchinson wa Chuo Kikuu cha Yale akaipigania, ikatoka Oktoba 1942. Lindeman alikuwa ameshafariki miezi michache kabla, hata miaka 27 hajafikisha.

"Asilimia kumi" inayovuka kila hatua, ambayo wanafunzi wetu wa sekondari hukariri, ni mkato wa kazi za namna hiyo. Ukweli hupanda na kushuka kufuatana na mahali na kiumbe. Lakini upotevu haukwepeki: kila mdomo unaopokea hupoteza sehemu kubwa kuwa joto, na joto likishatawanyika hakuna kiumbe anayeweza kulila tena.

Msituni Mitundu unaona upotevu huo kwa macho, ukijua pa kutazama. Majani mengi ya miombo hayaliwi yakiwa mabichi. Yanadondoka, kisha mchwa na kuvu wanayafanyia kazi. Mchwa hubeba majani na vijiti vikavu mpaka kichuguuni, wanavirundika, na juu yake wanakuza kuvu wanaowalisha. Masika ikifika, uyoga wa vichuguuni unachomoza na akina mama wanautoa kwa ungo. Mtundu nao una mapatano yake chini ya ardhi. Kuvu waliozingira mizizi yake hupewa sukari, wao wanautafutia mti fosforasi katika udongo huu maskini. Kabla jua la mwaka jana halijafika kwenye ua, limeshatozwa ushuru na viumbe ambao hakuna anayewaona.

Halafu kuna moto. Huyu ni mlaji asiyemlisha mtu. Nyasi zilizokua masika yote zinateketea kwa mchana mmoja, na kama ni moto wa mwezi wa tisa au wa kumi, unapanda na kubabua maua pia. Ndiyo maana mzee huchoma mapema, mwezi wa tano au wa sita, nyasi zikiwa bado na unyevu na moto ukitambaa chini bila hasira. Chini ya kila mti wenye mzinga hufyeka na kufagia mpaka udongo uonekane. Nimemwona akifagia pori kwa tawi la majani, ameinama, taratibu, nikaelewa kwa nini mizinga yake inadumu.

Na ndorobo, mbung'o wa pori hili, naye ana kiti chake mezani. Ananyonya damu ya ngiri na tandala, ambao wamekula nyasi na majani, na kwa muda mrefu aliwazuia wafugaji kuingiza ng'ombe, pori likabaki pori. Charles Swynnerton, aliyeongoza utafiti wa mbung'o Tanganyika enzi za Waingereza, alitumia sehemu kubwa ya maisha yake kutafuta namna ya kumshinda mdudu huyu kwa kubadilisha pori analoishi. Yeye na B. D. Burtt, mtaalamu wa mimea aliyeyajua mapori ya nchi hii kuliko wengi, walikufa katika ajali ya ndege karibu na Singida mwezi Juni 1938. Ndorobo bado yupo. Asali ya Mitundu inadaiwa kitu na ndorobo, ingawa sijamsikia mrina yeyote akikiri deni hilo huku akijipiga shingoni.

Katikati ya upotevu wote huu, nyuki amechagua vizuri. Ng'ombe inambidi atafune nyasi, azicheue, azivundishe tumboni, na sehemu kubwa inatoka kinyesi. Nyuki hali jani. Anachukua sukari ambayo mti umeitengeneza tayari na kuitoa kwa hiari yake, kwa kuwa unataka chavua yake ipelekwe kwingine. Hakuna nyuzi za kuvunja wala gome la kutoboa. Tatizo lake ni maji tu, maana mbochi mara nyingi ina maji zaidi ya nusu. Ukisimama chini ya mzinga usiku wa msimu wa maua unasikia mvumo usiokatika: ni maelfu ya mabawa yakipepea maji yaondoke, mpaka yapungue chini ya asilimia 20. Hapo chumba kinazibwa kwa nta. Sukari ikiwa nzito kiasi hicho, bakteria au hamira akitua juu yake ananyonywa maji ya mwili wake na kushindwa kuendelea. Ni chakula kilichofungwa. Kilo moja ina kilokalori 3,000 hivi, zaidi ya mahitaji ya siku nzima ya mtu mzima, na inaweza kukaa miaka bila mwingine yeyote kuila. Njia nzima kutoka juani mpaka tumboni haina kituo kingine tulivu kama hiki.

Kurina hufanywa usiku. Mzee hupanda bila haraka, kamba kiunoni, mwenge wa magome makavu ukitoa moshi bila kuwaka. Anapuliza moshi kwenye tundu, anasubiri, anapuliza tena. Moshi huwafanya nyuki wakimbilie kujaza matumbo asali, wakiamini wanahama, na nyuki aliyeshiba ni mzito wa kuuma. Kifuniko kinatolewa upande mmoja tu. Anaingiza mkono, na kuanzia hapo anafanya kazi kwa vidole, kwa sababu mwanga hautoshi. Sega la asali iliyozibwa ni zito, uso wake umekauka na una mikwaruzo midogo. Sega la majana ni jepesi, vifuniko vyake vimevimba kidogo na lina joto la mwili. Sega ambalo asali yake haijazibwa linateleza. Anagusa, anaacha; anagusa, anakata. Kila sega analokata hulikatia chini kidogo ya dari, akibakiza ukanda wa vidole viwili vitatu, nyuki wapate pa kuanzia.

Upande wa pili wa mzinga haugusi. Thomas Seeley wa Chuo Kikuu cha Cornell, aliyewachunguza nyuki wa mwituni huko Marekani, alikadiria kwamba kundi moja hutumia kilo 60 hivi za asali kwa mwaka kwa mahitaji yake lenyewe. Nyuki wetu hawana theluji, lakini wana kiangazi, na wana tabia ambayo wenzao wa Ulaya hawana sana: ukiwanyang'anya wanahama. Mzinga wa gogo uliojaa vizuri unampa mzee kilo kumi, pengine kumi na tano. Ni makombo ya karamu ambayo hakuiona. Mrina mwenye pupa husafisha mzinga wote, anarudi mjini na ndoo zilizojaa, na msimu unaofuata anagonga gogo lenye mlio wa utupu.

Nta ndiyo ghali kuliko vyote. Wafugaji nyuki wengi hukadiria kwamba nyuki hula kilo sita hadi nane za asali ili watoe kilo moja ya nta. Hili linafanya nimtazame kwa heshima mpya ndege mlembe, anayewaongoza watu kwenye nyuki kwa kelele zake. Watu wanadhani anatafuta asali. Anatafuta nta, na ni miongoni mwa ndege wachache wanaoweza kuimeng'enya. Kati ya walaji wote waliozunguka mzinga, yeye amechagua kile ambamo jua limebanwa kwa gharama kubwa kupita zote. Kaskazini, Wahadzabe wa Ziwa Eyasi humwita kwa miluzi. Utafiti wa Claire Spottiswoode na Brian Wood, uliotoka mwaka 2023, ulionyesha kwamba mlembe wa huko anaitikia miluzi ya Kihadza zaidi ya mara tatu kuliko mwito wa Wayao wa Msumbiji, ambao wana mlembe wao aliyezoea mwito wao. Wayao humwachia nta hadharani. Wahadzabe mara nyingi huificha, abaki na njaa aendelee kuwaongoza. Mzee wa Mitundu humwachia kipande juu ya jani. Nilipomwambia habari ya Wahadzabe alicheka sana, akasema hao ni wajanja kuliko yeye.

Nyegere haachiwi kitu. Nyegere hujichukulia.

Kuna mambo ya kuudhi katika kazi hii. Mizinga ya magome bado inatengenezwa: mti mzima mzuri wa mtundu au myombo unavuliwa gome kwa duara, unakufa umesimama, ili upatikane mzinga wa kudumu misimu michache. Ni kuua muuza sukari ili upate kikapu cha kubebea sukari. Tumbaku nayo, iliyolimwa miongo mingi katika ukanda huu wa miombo kutoka Tabora hadi Chunya, hukaushwa kwa kuni. Bani moja ya kukaushia inachoma kwa siku chache jua ambalo miti ililiweka kwa miaka. Wataalamu wanahimiza mizinga ya kisasa yenye fremu, na wana hoja, kwa kuwa sega likikamuliwa kwa mashine linarudishwa zima na nyuki wanaokoa ile gharama ya nta. Lakini mbao nyembamba zilizopigwa misumari ovyo, nilizoziona zikiachia nyufa baada ya kiangazi kimoja, haziwezi kushindana na gogo lililosikilizwa kwa kifundo cha kidole. Ningependa kuona fundi wa tezo akipewa mbao nene na fremu nzuri, tuone atafanya nini.

Asubuhi baada ya kurina, kazi inahamia kwa mkewe. Masega yanakamuliwa na asali inachujwa kwa kitambaa, kisha inaachwa itulie kwenye ndoo. Nta inayeyushwa kwenye sufuria ya maji, inaganda juu, inatolewa ikiwa mkate wa manjano. Tangu enzi za Wajerumani nta ya Tanganyika imesafirishwa nje, na wanunuzi bado wapo. Baki la utamu kwenye makapi linaoshwa kwa maji ya uvuguvugu, na maji hayo ndiyo ya wanzuki, pombe ya asali.

Hapa mama anafanya kinyume cha kila kitu walichofanya nyuki. Wao walitoa maji ili sukari ifungwe. Yeye anarudisha maji ili ifunguke. Hamira iliyoshindwa mzingani sasa inapata pa kuishi. Ndani ya siku moja pipa linatoa povu, na ukiweka kiganja ubavuni unasikia joto. Joto hilo ni ushuru, kama wa kila mlaji mwingine, ila huyu ana adabu isiyo ya kawaida: chini ya asilimia kumi ya nguvu iliyokuwa kwenye sukari ndiyo inayopotea, nyingine karibu yote inabaki ndani ya kilevi, ikimsubiri mnywaji. Lindeman angefurahi kuona mnyororo unaovuja kidogo namna hii.

Siku ya pili jioni vijana wameshafika uani na vikombe vyao, wamekaa kwenye magogo ambayo hayajachimbwa. Mama anafunua, anaonja kwa ncha ya kijiko, anafunika.

"Bado. Rudini kesho."

"Mama, tumetoka mbali."

"Hata hao wa ndani wanafanya kazi. Kesho."